Mjomba, Chukua Kubwa!

Nilipotea kidogo, nilikuwa Lumuma. Kwa wasiopajua, ni bonde la milimani huko Kilosa, jirani na Mpwapwa, na maisha ya kule ni vitunguu. Safari hii sikwenda kutafuta habari. Nilikwenda kuomba radhi.

Iko hivi. Mjomba wangu ana nusu ekari ya vitunguu, ila shamba lake liko juu ya mfereji. Walio chini maji yanawafuata yenyewe. Yeye alikuwa anapandisha kwa ndoo, na binamu zangu wakimsaidia. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ndoo hizo.

Msimu uliopita aliuza mbuzi watatu, nami nikachangia kidogo, akaenda Morogoro mjini kununua pampu ya petroli. Akanipigia akiwa dukani: "Mjomba, kuna ya inchi moja na nusu, na kuna ya inchi tatu. Wewe umesoma, nichukue ipi?" Mimi nilikuwa nimebanwa kwenye daladala, hata sikufikiri. "Chukua kubwa, Mjomba! Kubwa haiwezi kukuangusha." Akaongezea hela ya mbolea, akachukua kubwa.

Ikamwangusha. Alikuwa amechimba kidimbwi kando ya mfereji, maji yanaingia kwa bomba. Pampu ilipowashwa ilikikausha kidimbwi kwa dakika chache, ikaanza kuvuta hewa. Na katika dakika hizo chache maji yalitoka kwa kishindo, yakabomoa kingo za majaruba na kung'oa miche. Mjomba akapanua njia ya kuingiza maji, wenzake wa chini wakakosa zamu yao, ikawa kesi. Mwisho sili ya pampu ikaungua kwa kukimbia bila maji. Alivuna magunia 7. Msimu wa nyuma yake, kwa ndoo, yalikuwa 22.

Hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo paliponiuma.

Basi nikamtafuta fundi Morogoro, ambaye kazi yake kubwa ni pampu za mabwawa ya kuogelea ya hoteli. Nilipomaliza kumsimulia, alicheka. Akasema kosa hilo analikuta hata kwa wenye hela. Bwawa la lita 80,000, ukitaka maji yote yazunguke kwa saa 8, linataka lita 10,000 kwa saa, basi. Mwenye bwawa ananunua pampu ya 25,000, na chujio lake uwezo wake ni 12,000. Maji yanapita mchangani mbio, uchafu unarudi bwawani, bili ya umeme inapanda. Kisha anamlaumu fundi.

Akaniambia pampu huulizwa mwisho. Kwanza uliza maji unayo kiasi gani, halafu unahitaji kiasi gani, halafu yapande mita ngapi.

Nilipofika Lumuma tulianza na ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Tukaikinga kwenye bomba la kidimbwi, ikajaa kwa sekunde 5. Hizo ni lita 4 kwa sekunde, yaani 14,400 kwa saa. Pampu yetu ilikuwa imeandikwa 60,000! Tulikuwa tunadai maji mara nne ya yaliyokuwepo.

Na mahitaji je? Vitunguu vikikolea jua vinataka kama milimita 5 za maji kwa siku. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000, kwa hiyo lita 10,000 kwa siku. Pampu ndogo inayofikisha lita 12,000 kwa saa shambani inamaliza kazi chini ya saa moja, na kidimbwi hakikauki. Nasema inayofikisha shambani, kwa sababu namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ukiongeza mwinuko na urefu wa paipu, inashuka. Muulize muuzaji kwa mwinuko wako itatoa ngapi. Akishindwa kujibu, nenda duka la pili.

Hesabu yote ilituchukua nusu saa, ndoo na kalamu. Nusu saa hiyo ningeweza kumpa siku ile kwa kushuka tu kwenye daladala.

Tulibadilisha sili, tukaiuza pampu kwa hasara kwa mkulima mwenye shamba kando ya mto, tukanunua ya inchi moja na nusu. Mjomba alipoiona alitikisa kichwa: "Kadogo haka?" Akaivuta kamba. Maji yakapanda taratibu, yakajaza jaruba moja, akahamisha mpira kwenye la pili. Kingo zikabaki zimesimama.

Nilimwambia, "Mjomba, nisamehe." Akajibu, "Shika mpira huo, acha maneno."