Maji Yanapoingia Katika Motokari-Nyumba

Kama hujafika kwetu Bunia, ujue kwamba muji huu umekaa pahali pa juu, karibu metre 1,270 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko mashariki, chini ya milima. Machimbo ya zahabu ya Kilo na Mongbwalu yako kaskazini-magharibi. Kiangazi chetu ni kifupi, Desemba mpaka Februari. Miezi mingine mvua inaweza kupiga manjanja mpaka watu wa nyumba moja hawasikilizani.

Toka hapa unashuka Komanda, karibu kilometre 75, halafu Mambasa, halafu Epulu kwenye okapi, na mbele kabisa ni Kisangani. Inchi hii ilijua motokari-nyumba zamani. Mwaka 1938 musafiri mumoja wa Italia, Attilio Gatti, alikuja Kongo ya Wabelgiji na nyumba mbili za magurudumu zilizotengenezwa Marekani na International Harvester. Ndani mulikuwa vitanda, jiko na bafu. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Ulaya walipita njia ya Kisangani na Epulu wakilala ndani ya kamyo zao. Nasi tunajua kamyo ambayo mufundi amejenga sanduku la mbao na manjanja nyuma, akaweka vitanda, kwa waganga wanaozunguka vijiji ao kwa wachimba visima.

Zote zina adui mumoja: maji. Mashimo ya barabara yanapinda sanduku huku na huku, visi zinalegea, mastiki inapasuka. Mvua ya kwanza inaingia kidogo tu, na hakuna anayeona. Mvua ya kumi, mbao imeoza.

Kwanza ujue ni maji gani. Ukikuta kuta zimelowana asubuhi, na usiku mvua haikunyesha, usikimbilie paa. Usiku wa Bunia una baridi, na pumuzi ya watu wane waliofunga madirisha yote inageuka maji juu ya chuma. Dawa yake ni kuacha dirisha wazi kidogo. Ukikuta maji sakafuni wakati wa jua kali, angalia tiyo na robine. Funga robine zote, washa pompi, unyamaze usikilize. Kama pompi inaanza tena yenyewe kila mara, maji yanatoka pahali fulani. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo cha tiyo, itakuonyesha.

Lakini kama maji yanakuja na mvua, hapo ndipo watu wanapotea. Wanapaka mastiki pale juu ya doa, kumbe maji hayaanguki pale yalipoingia. Yanafuata mbao, yanafuata waya wa taa, ndipo yanadondoka.

Familia moja ya wageni walisimamisha motokari-nyumba yao katika uwanja wetu wa misioni, wakingojea kwenda Mambasa. Godoro la mutoto, nyuma kabisa, lilikuwa linalowana kila mvua, na mutoto alianza kukohoa usiku. Mufundi wa kwanza alikuwa amepaka paa lote la nyuma mara mbili, na pesa zikaenda. Kijana mumoja wa kanisa, seremala, aliangalia magurudumu kwanza. Akasema: “Pasta, hii motokari iko inainua pua. Maji inatoka mbele.” Kweli, ilisimama kwenye muteremuko. Tukapata tundu mbele, chini ya taa ya paa, metre tano kutoka godoro.

Namna yake ya kutafuta ni hii, nawe unaweza kuifanya. Chagua siku ya jua, kausha kila kitu. Mutu mumoja akae ndani na tochi. Mwingine nje achukue bido ya litre 20 na kopo lenye matundu madogo, amwage polepole. Aanze chini, kwenye ukingo wa dirisha, apande juu kidogo kidogo, dakika kumi kila pahali. Ukianza na paa, maji yatashuka kila upande na hutajua ni tundu gani. Usitumie pompi yenye nguvu, maana itasukuma maji hata pale ambapo mvua haiwezi kuingia. Wa ndani akipiga kelele “Inaingia!”, simamisha, tia alama kwa chaki.

Kisha usipake mastiki mupya juu ya ile ya zamani, haitashika. Ngoa visi, toa mastiki yote ya zamani, safisha kwa alkoli, acha ikauke kabisa. Weka mastiki chini ya kipande cha chuma, ndipo urudishe visi, na kama tundu limepanuka, tumia visi nene zaidi. Silikoni ni rahisi kupata sokoni, lakini siku ya kutengeneza tena hakuna kitu kinachokubali kushika juu yake.

Tena choma mbao kwa turnevisi. Ikiingia kama katika muhogo uliopikwa, kata kipande chote kilichooza, weka kipya. Ukifungia mbao yenye maji ndani, itaendelea kuoza bila wewe kuona.

Ile familia walingoja siku ine mbao ikauke, wakiwa wamefunika paa kwa shitingi. Waliondoka siku ya tano, na mutoto alilala pakavu.

Wewe usiye na motokari, una nyumba ya manjanja. Kabla kiangazi hakijaisha, panda na bido yako, na mwana wako akae ndani na tochi.