Pati ya sukari kutoka Kasumbalesa mpaka Kolwezi

Kuanzia Juni mpaka Septemba, hapa kwetu Katanga ni miezi ya ndoa. Mvua imekwisha, barabara zimekauka, na kila siku ya posho magari yenye maua yanapita yakipiga honi. Mbele ya bwana na bibi arusi kuna gato nyeupe ya ngazi tatu. Leo tuongee juu ya ile nguo nyeupe ya gato, pati ya sukari, wengine wanaiita fondanti. Mama wengi wa Lubumbashi, huko Kenya, Katuba na Kamalondo, wanalipa minervali ya watoto kwa kazi ya gato, na faida yao inameng'enyuka ndani ya ile nguo.

Tufuate kwanza safari yake. Ukisoma kwenye pakiti maneno plastic icing, usiogope, hakuna plastiki ndani. Ni jina ambalo watu wa Afrika Kusini wanaipa pati hii. Ile inayotoka Ulaya wanaiandika pâte à sucre. Lakini ukikuta ndoo ya Kifaransa yenye neno fondant, uliza vizuri mbele ya kulipa: kwa wapishi wa Kifaransa hiyo ni sukari laini ya kumwangia juu ya vitumbua vyao vya krimu. Haiwezi kufunika gato ya ndoa hata ukiomba.

Pakiti ya Johannesburg inatembea zaidi ya kilometa 2,000 ili ifike kwetu. Inavuka Zambia yote, inafika Kasumbalesa, na wewe unajua Kasumbalesa: makamyo katika mstari, jua kali, duane. Kutoka hapo kuna kilometa 90 hivi mpaka Lubumbashi, halafu 120 mpaka Likasi, halafu Kolwezi, ambayo iko kilometa 300 hivi na Lubumbashi. Kila mahali mtu anaongeza kitu chake juu ya bei, na si dhambi, naye anakula. Ila uulize: tunalipa safari ya kitu gani?

Tunalipa safari ya sukari. Ndani ya kilo moja ya pati, gramu 800 hivi ni sukari ya unga. Inayobaki ni glukozi, maji kidogo, mafuta, jelatini au gundi nyingine, na gliserini inayoifanya ibaki laini. Sasa sukari yenyewe iko karibu. Kiwanda cha Nakambala kiko Mazabuka, kusini ya Zambia, na kwa barabara ni karibu kwetu kuliko Kwilu-Ngongo, kule Kongo-Central.

Basi fanya hesabu hii sokoni, na kalamu mkononi. Chukua gramu 900 za sukari ya unga, gramu 120 za glukozi, gramu 12 za jelatini iliyoloweshwa katika vijiko vinne vya maji, kijiko cha gliserini na kijiko cha mafuta magumu meupe. Utapata kilo moja na zaidi kidogo. Jumlisha bei ya kila kitu, ongeza makaa au kura, halafu linganisha na kilo ya pakiti. Kilo, nasema, usilinganishe pakiti na pakiti: kuna za gramu 250, za 500 na za kilo, na ile ndogo ambayo inaonekana rahisi, mara nyingi ndiyo inakula feza zaidi.

Glukozi ikikosekana, asali ya pori letu inaweza kazi hiyo, lakini pati itakuwa na rangi ya manjano kidogo. Kwa komunyo ya kwanza haiko mbaya. Kwa arusi, mama mkwe ataona.

Na uzuri? Hapa niseme ukweli. Pati ya nyumbani iliyotengenezwa na sukari ya unga ya kiwanda inaweza kushindana na pakiti. Ile ya sukari iliyosagwa nyumbani kwa mashini ya matunda, hapana. Punje zinabaki, na ukiitandaza milimita 3 inapasuka kwenye kona na kukunjana kama ngozi ya tembo. Weupe pia: viwanda vingi vilitia dioksidi ya titani, ambayo Umoja wa Ulaya ulikataza katika chakula mwaka 2022. Pati isiyo nayo inaelekea rangi ya maziwa, na mimi naona inapendeza.

Gato ya upana wa sentimita 20 inaomba gramu 800 hivi. Ngazi tatu za 20, 25 na 30 zinaomba kama kilo tatu na nusu. Ukitandaza milimita 6 badala ya 3, umelipa karibu mara mbili, na wageni watabandua ile nguo waiache kwenye sahani. Mama wengine wanachanganya nusu ya nyumbani na nusu ya pakiti. Inafanya vizuri, na hesabu inapumua.

Kabla ya kununua, finya pakiti kwa kidole. Ikiwa ngumu pembeni, imelala sana katika joto. Pati yako mwenyewe, uifunge vizuri, maana wakati wa kiangazi hewa yetu inakausha kila kitu. Ongeza tone la gliserini. Wakati wa mvua inanata, basi ongeza sukari. Uliza pia wenye arusi kama wanakula jelatini: nyingi inatoka kwa nguruwe, na ndugu Waislamu na Waadventista hawaigusi.

Frigo haifai gato iliyovikwa. Ikitoka kwenye baridi inatoa jasho, na rangi zinatiririka. Basi ndani weka konfitiri au siagi na sukari, acha krimu ya maziwa. Ukiipeleka Kolwezi, ondoka mapema kabla ya jua, kila ngazi katika karto yake, chini ndani ya gari na si juu ya magoti ya mtu. Ngazi utazipandisha kule kule, kwenye sale ya arusi.