Chuo Kilichothubutu Kuifuta Timu Yake

Ndugu msomaji, ni mzazi gani asiyefurahi kumwona mwanawe akishangiliwa uwanjani? Furaha hiyo ni ya halali. Lakini leo nakuomba tutafakari pamoja kisa cha Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, kilichojiuliza swali zito: je, chuo kipo kwa ajili ya timu, au timu ipo kwa ajili ya chuo?

Mchezo wenyewe ni kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, ambayo wachezaji huvaa kofia ngumu na kuukimbiza mpira mikononi. Tangu mwaka 1892 hadi 1932 timu ya Chicago ilifundishwa na mtu mmoja, Amos Alonzo Stagg, naye akaipatia ubingwa wa vyuo vya kanda yake mara 7. Mwaka 1905 iliifunga Michigan pointi 2 kwa 0, wakati Michigan ilikwisha kucheza michezo 56 bila kushindwa. Mwaka 1935 kijana wake, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo leo huitwa Heisman.

Kumbe ufa ulikwisha kuingia ukutani. Vyuo vingi viliwavuta wachezaji kwa fedha na upendeleo. Chicago, chini ya rais wake Robert Hutchins, ilishikilia masomo. Mwaka 1939 Michigan ile ile iliitandika 85 kwa 0. Harvard na Ohio State kila mmoja 61 kwa 0. Desemba ya mwaka huo chuo kikaifuta timu.

Je, chuo kilikufa? La hasha. Tarehe 2 Desemba, 1942, chini ya majukwaa ya uwanja ule ule, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Kwamba elimu hiyo ilizaa pia bomu ni somo jingine, tena chungu. Mwaka 1969 timu ilirejeshwa, lakini hadi leo hakuna anayelipiwa masomo pale kwa sababu ya mchezo.

Jambo hili linanigusa. Binamu yangu alikuwa mshambuliaji hodari shuleni. Mitihani aliyoshindwa ilifumbiwa macho, maadamu Jumamosi alifunga mabao. Alipoumia goti katika kidato cha tatu, waliokuwa wakimbeba mabegani hawakuja hata kumjulia hali. Alirudi kijijini bila cheti na bila mpira. Hakuna aliyemwibia kitu. Walimnyima tu kile alichopelekwa shule kukifuata.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akirudi nyumbani na kikombe, mpongeze kwa moyo wote. Kisha, kabla hajaenda kulala, mwombe akuonyeshe na daftari lake.