Hongela, Umechaguliwa

Kisa hiki si cha kubuni. Laiti mwalimu mlezi wa chama chetu angelijua kosa nililolifanya, huenda angeninyang'anya beji ya Kiswahili niliyoivaa kwa maringo tangu kidato cha kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, likizo ya Agosti. Nilikuwa nikimkatia ng'ombe nyasi hapa kwetu Lanet niliposikia nyanya akiniita, "We kijana, hebu njoo unisomee hii!" Macho yake hayaoni vizuri, na simu yake ni ile ndogo tunayoiita mulika mwizi. Ujumbe ulisema, "Hongela! Umechaguliwa na selikali kupokea pesa za Inua Jamii Ksh 24,000. Piga namba hii."

Niliyaona makosa yale. Nikacheka, nikamwambia nyanya kuwa hata watu wa serikali wanahitaji kujiunga na chama chetu. Kumbe hapo ndipo ningalisimama!

Nyanya ana miaka 72. Inua Jamii ni mpango wa serikali unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Alikuwa amejiandikisha kwa chifu na kitambulisho chake, bila kutoa hata ndururu, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja tu.

Tena nyanya ana imani kubwa na ujumbe wa simu, na imani hiyo haikutoka hewani. Mkaaji yeyote wa Lanet Umoja anamkumbuka marehemu Chifu Francis Kariuki, aliyeaga dunia mwaka wa 2021. Mwaka wa 2012 alivuma hadi ng'ambo kwa kutumia Twitter kuwaarifu wananchi, nao watu wenye simu ndogo waliupata ujumbe wake kama SMS. Kondoo akipotea, chifu aliandika. Wezi walipovamia nyumba ya mwalimu mmoja saa kumi usiku, aliandika, na kwa dakika chache majirani wakawa wamejaa nje, wezi wakatimua mbio. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, lakini nyanya husimulia kama jambo la jana. Kwake yeye, serikali ikiandika kwa simu, ni kweli.

Basi tulipiga. Mwanamume mwenye sauti ya upole alipokea, akamwuliza nyanya jina. Nyanya akalitaja. Dakika moja baadaye yule bwana alikuwa akilitumia kana kwamba wamejuana miaka mingi! Akasema pesa ziko tayari, ila kuna ada ya kufungua faili, shilingi 1,850, na mtambo ungefungwa saa sita kamili. Saa ilikuwa tano na nusu.

Kwenye M-Pesa ya nyanya mlikuwa na 3,100 za maziwa. Humo ndimo ungetoka mchango wangu wa chakula cha mchana shuleni muhula wa tatu. Nyanya alininong'oneza namba yake ya siri, nami ndiye niliyebonyeza. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, si la ofisi yoyote. Nilipouliza, bwana yule alijibu upesi, "Huyo ni mhasibu wetu." Nikatuma.

Hazikupita dakika ishirini, akapiga tena. Sasa alitaka 1,200 za kodi. Moyo ulinidunda kama ngoma. Nilikata simu, nikamkimbilia anko, ndugu mdogo wa baba, aliyekuwa akiosha matatu barabarani.

Anko hakunicheka. Alinifanya nitume ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili pesa zirudishwe, lakini wapi! Zilikuwa zimeshatolewa. Namba ya tapeli tukaituma kwa 333. "Tangu 2023 malipo ya serikali ni paybill 222222," akasema, "sio simu ya mtu. Na mtu akitaka kukupa pesa, si azikate hapo hapo kwa hizo anazokupa?" Sikuwa na jibu. Akaniambia vijana waliotaka ile ruzuku ya NYOTA ya shilingi 50,000 mwaka wa 2025 waliomba kwa *254# bila malipo, na bado wapo waliodaiwa "ada".

Nyanya hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuza kuku wawili. Muhula wa tatu nilienda shuleni na chakula changu kwenye mkebe, viazi baridi, nami sikuthubutu kulalamika.

Jumatatu iliyofuata nilimsindikiza hadi kambi ya chifu. Karani alifungua daftari, akalipata jina lake. Lingali linangoja, akasema, na zamu yake ikifika hatadaiwa chochote. Tulipokuwa tukitoka, mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinishika mkono, akanipa simu yake.

"Kijana, hebu nisomee hii."

Neno la kwanza lilikuwa "Hongela".