Likelemba: Somo la Kuishi Pamoja

Mu Ruashi, kama unataka kujua namna watu wa makabila mbalimbali wanavyoaminiana, usianzie ku ofisi. Anzia ku soko. Pale utakuta bamama kumi, mmoja anauza kapenta, mwingine sombe, mwingine makala. Huyu ni Mubemba, yule Muluba wa Kasai, mwingine Mulunda, mwingine Musanga. Kila juma kila mmoja anatoa makuta kiasi kilekile, na yote inapewa mmoja wao. Juma linalofuata ni zamu ya mwingine. Hiyo ndiyo likelemba. Hakuna benki, hakuna karatasi ya mwanasheria, kuna neno tu. Anayepata wa kwanza amekopeshwa na wenzake. Anayepata wa mwisho ndiye amewaamini wote.

Desturi hii si mali ya kabila moja. Mji wetu ulianza mwaka 1910, na katika miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa na wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mjomba wa kuwasaidia alibaki mbali ku kijiji. Ilibidi mtu ajifunze kumwamini jirani ambaye luga yake haisikii.

Sisi tunafundisha sehemu ya komersiale ku masomo ya sekondari. Mwaka mmoja tuliwaambia wanafunzi wajigawe makundi ya watano, kila kundi liwe kampuni ndogo. Wakajigawa kufuata kabila. Tulipowachanganya, mmoja alisimama:

«Mwalimu, utuache paka na benzetu. Bale tutabaamini namna gani?»

Tuliweka chaki chini, tukawaeleza jambo ambalo hatukuwa tumelisema darasani.

Mwaka 1992 tulikuwa watoto pale Likasi. Pesa ya zaïre ilikuwa inapoteza nguvu kila siku, basi bamama kumi wa avenue yetu walifanya likelemba ya bunga: meka moja kila mtu, kila juma. Jirani yetu, mama wa Kasai, alikubali kuwa wa mwisho, kwani watoto wake walikuwa wakubwa. Alitoa meka yake majuma tisa. Kisha yakaja matusi, watu wakaitwa «bilulu», Bakasai wakafukuzwa manyumbani. Maelfu walilala ku gare wakingojea treni, naye pia. Juma la kumi likafika, zamu yake. Bamama waliogopa, ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyepeleka bunga ku gare. Kila mmoja alibaki na meka yake.

Darasa likanyamaza. Halafu yule aliyesimama akauliza:

«Mwalimu, ile bunga yake, ni nani aliikula?»

«Ni sisi. Mama alipika bukari, tukala.»

Katika uhasibu, deni halifi kwa sababu mwenye kudai amefukuzwa. Linabaki ku daftari. Mama yetu alilijua bila kusoma uhasibu: mpaka kufa kwake hakuingia tena katika likelemba yoyote.

Makundi yale yaliyochanganywa tuliyapa kazi ya kwanza: likelemba ya kweli, franga kidogo kila juma, zamu kwa kura. Haikuwa rahisi. Kundi moja lilikwama juma la tatu, mmoja hakuleta. Wenzake wakaanza kutaja kabila lake. Tukawaambia: «Muende kwanza kwabo.» Walienda, wakakuta baba mgonjwa na chungu kitupu. Walirudi wakiwa wamebadilisha utaratibu wa zamu, yeye apate mbele.

Kesho vijana hawa watakuwa ku chuo kikuu na vijana wa majimbo yote, ao kazini na wageni, kama tulivyoona Jinchuan ya Uchina ilipochukua mgodi wa Ruashi mwaka 2012. Kuwaambia tu «mupendane» haitoshi. Tuwafundishe kushika deni la mwenzao hata siku ambayo hayupo tena kulidai.