Maji Tohara na Maji Yenye Uhai: Mazingatio Kutoka Ozi

Kila aliyesoma chuoni aliupitia mlango wa tohara mapema. Humo tulifundishwa kuyatazama maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Najisi ikibadilisha mojawapo, maji hayo hayatawadhiwi. Kipimo hiki kinatutosha kwa ibada. Lakini je, kinatosha kujua kama samaki anaishi kwa salama ndani ya maji hayo, na kama mtoto anayemla yu salama?

Swali hili tulilipata Ozi, jirani na Kipini, tulipokwenda kuwadarsisha akina mama. Mmoja wao alitwambia: “Sheikh, siku hizi tunauonja mto kwanza, ndipo tujaze ndoo.” Mama huyu hana maabara; ulimi wake ndio mizani yake.

Anachokionja ni bahari. Zamani, bamvua ilipojaa, iliyasukuma nyuma maji matamu ya mto, yakapanda mashambani na kuunywesha mpunga. Mto ukidhoofu, kinachopanda ni chumvi. Ukame una sehemu yake, na mabwawa ya juu ya Tana, kama Kindaruma la mwaka 1968, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yamebadili mwendo wa mafuriko yaliyokuwa yakiifikia delta. Mpunga na miembe ya Ozi imeshuhudia matokeo yake.

Ulimi ni shahidi mwema, ila haoni yote. Maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu, hivyo hutambaa chini huku ya juu yakionekana mema. Ndiyo sababu wataalamu huchota juu na chini, maji yakijaa na yakipwa, kiangazi na masika. Hupima pia oksijeni iliyoyeyuka majini, ambayo ndiyo pumzi ya samaki. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi huanza kutaabika. Ikikaribia 2, wengi hufa.

Hapa wengi huteleza kwa kusema: “Mbona kambare wako tele?” Kambare amejaaliwa na Mola wake kuvuta pumzi hewani, akastahimili tope ambalo wenzake hawaliwezi. Kumwona yeye hai si ushahidi kwamba mto ni mzima. Heri kuuliza ni samaki gani waliokuwa wakiingia nyavuni na sasa hawaonekani.

Lipo pia lisiloonekana kabisa. Dawa za mashambani na madini kama zebaki hayabadilishi rangi wala harufu ya maji. Baadhi yake hukusanyika mwilini mwa samaki, na hasa samaki mkubwa alaye wenzake. Moto wa jikoni huua vijidudu, zebaki hauiondoi. Wanaoumia zaidi ni mimba na watoto wachanga. Hatusemi kwamba samaki wa Ozi wana sumu. Tunasema kwamba jambo hili hujulikana kwa kupima, si kwa kudhani.

Samaki ni halali, hata akifa bila kuchinjwa. Lakini Qur'ani inapotuamrisha kula, hutaja halali na kizuri pamoja, na fiqhi inakataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Basi kuutunza mto ni sehemu ya dini yetu.

Akina mama, msile samaki mliyemkuta akielea, wala aliyevuliwa kwa sumu. Msioshe mitungi ya dawa za shamba mtoni. Wekeni daftari: siku maji yalipogeuka chumvi, siku samaki walipokufa, na hali ya maji siku hiyo. Daftari hilo litamsaidia mtaalamu ajuaye kupima lakini asiyeishi hapo.

Nao wanaopima, wakiwamo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi na mamlaka za maji na mazingira, tunawaomba majibu yarudi kijijini kwa Kiswahili, yasomwe barazani na msikitini. Aliyechotewa maji ana haki ya kujua kilichoonekana ndani yake. Elimu hiyo ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Allah atuhifadhie mito yetu, na aturuzuku kilicho halali na kizuri. Amin.