Tope la Mikoko na Amana ya Dawa



Sisi wanawake wa visiwani tunalijua tope la mikoko. Maji yakipwa tunaokota humo kombe na chaza, na tukirudi nyumbani kanga zimeshachafuka. Kwa kuwa linanuka, tunaliita uchafu. Lakini Uchina, India na Malaysia wako wanasayansi wanaolichota tope kama hilo kwa vijiko, wakitafuta ndani yake bakteria watakaotupatia dawa mpya.

Wana sababu. Streptomaisini, antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, ilitoka kwa bakteria wa udongo. Ilipatikana mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, kwa mikono ya mwanafunzi wake Albert Schatz. Jamaa ya bakteria huyo, waitwao streptomaisesi, ndio waliotupa sehemu kubwa ya antibiotiki za hospitalini. Hata ile harufu ya ardhi mvua ikianza kunyesha, ambayo baadhi ya wajawazito huitamani, kwa kiasi kikubwa inatoka kwao.

Ndani ya udongo bakteria ni wengi na chakula ni kidogo. Baadhi yao hutengeneza sumu ya kumzuia jirani asiwanyang'anye riziki, na sumu hiyo ndiyo sisi tunayoigeuza dawa. Kwenye mikoko maisha ni magumu zaidi: chumvi nyingi, hewa kidogo, maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Anayeweza kuishi humo huenda ana silaha ambayo wa shambani hana.

Kazi yenyewe inafanana na ya jikoni. Tope hukaushwa, hupashwa moto kidogo ili wasiostahimili wafe, huzimuliwa kwa maji mara kadhaa, kisha hupakwa kwenye kisahani cha jeli. Jeli hiyo hutokana na mwani mwekundu, ndugu wa huu tunaoulima Paje na Jambiani. Aliyewapa watafiti wazo la kuitumia ni mwanamke, Fanny Hesse, mwaka 1881. Yeye alikuwa akigandishia vyakula vitamu nyumbani, na mumewe alikuwa mtafiti wa vijidudu huko Ujerumani.

Baada ya siku au wiki kadhaa huota vidoa. Kila kimoja hujaribiwa karibu na bakteria wa maradhi. Kikizungukwa na duara tupu ambamo adui ameshindwa kuota, hapo pana habari. Hata hivyo, mara nyingi dawa huwa ni ile ile inayojulikana zamani, au inaudhuru na mwili wa mgonjwa. Ikivuka hapo, bado kuna miaka mingi ya kuipima.

Ndiyo maana dawa tulizonazo ni amana. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu kwa dawa. Usugu huo unalelewa hata majumbani mwetu: tunanunua vidonge viwili vitatu vya amoksilini kwa ajili ya mafua, na mafua huletwa na virusi visivyosikia antibiotiki. Mtoto akipata nafuu, dozi inakatwa, na kilichobaki anapewa jirani.

Tangu chuoni tunafundishwa kwamba hakuna maradhi yasiyoumbiwa dawa. Mafundisho hayo yanatutaka tutafute, na tukipata tutunze. Lakini si ruhusa ya kupaka tope kwenye kidonda au kitovu cha mtoto mchanga, kwani udongo huo huo una vijidudu vya pepopunda. Dawa ni ile iliyotengwa na kupimwa.

Basi dada zetu, dawa tuitumie kama alivyoandika daktari, na tusigawane vidonge. Nepi na taka tusizitupe kwenye mikoko, na wanaoikata kwa mkaa tuwaambie kwa wema kwamba hawaui miti peke yake. Huenda dawa ya wajukuu wetu imo humo, na bado hakuna aliyeichota.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.